Vifundo 18 na mpiga gitaa mmoja

Jioni moja mpwa wangu, kijana anayepiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya hapa Dar es Salaam, alinijia nyumbani na uso wa msiba. "Shikamoo mjomba," akasema. "Ile amplifaya naiuza. Imenishinda." Kumbe kulikuwa na mtu aliyeahidi kuja Jumamosi na fedha ambazo, kwa kusema kweli, zisingetosha kununua hata spika yake.

Mashine yenyewe ni Mesa/Boogie Mark V. Kaka yake anayefanya kazi Marekani aliinunua ikiwa imetumika, akamletea kwa meli. Kwa miezi mitatu kijana alizungusha kila kifundo alichokiona, na kila alipozungusha, sauti ilizidi kuwa tope. Wenzake kwenye bendi walikwisha kutoa hukumu: ni mbovu, ndiyo maana mwenyewe wa kwanza aliiuza.

Sasa, sisi watu wa redio tunakula mkate wetu mbele ya meza zilizojaa vifundo, kwa hiyo nilimwambia twende tukaione kabla haijachukuliwa.

Jambo la kwanza niliigeuza nyuma. Karibu na tundu la waya wa umeme paliandikwa volti 120. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine ya namna hiyo ukiichomeka moja kwa moja ukutani, ukiwa na bahati fyuzi itakatika; ukikosa bahati itaungua transfoma ya ndani, na hiyo huipati Kariakoo. Kaka mtu alikuwa na akili, alituma pamoja nayo transfoma ya kupunguza umeme, nzito kama jiwe la kusagia. Uzito huo una maana. Wati 90 zinazotajwa kwenye Mark V ni za sauti inayotoka; umeme unaoingia ni mwingi zaidi, kwa sababu valvu hula umeme kwa kujipasha moto tu. Vile vitransfoma vidogo vya mashine ya kunyolea havifai hapa hata kidogo.

Baada ya hapo tuligeukia upande wa mbele. Ndugu msikilizaji, nakiri niliguna. Kuna chaneli 3, kila moja ina vifundo 6 vya kuzungusha, jumla 18. Kila chaneli ina swichi ya kuchagua mtindo mmoja kati ya 3, kwa hiyo mitindo yote ni 9. Juu ya hayo kuna ikwaliza yenye visukumizi 5, kuna mwangwi wa springi, na swichi nyingine za kuchagua wati. Kwa maoni yangu watengenezaji walizidisha. Lakini vitu hivi havikuwekwa kwa mapambo, na ukijua vilikotoka, nusu ya woga hukutoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi mmoja wa California, Randall Smith, alichukua Fender Princeton, amplifaya ndogo ya wati chache, akaitia mitambo ya amplifaya kubwa na spika ya inchi 12. Umbo la mtoto, sauti ya mtu mzima. Carlos Santana alikuwa miongoni mwa walioipenda mapema. Kisha Smith akafanya jambo kubwa zaidi. Sauti inayotoka kwenye nyuzi za gitaa ni changa mno, lazima ikuzwe kwa hatua, valvu moja ikipokezana na nyingine. Hatua moja ikilemewa, wimbi la sauti hukatwa kichwa, na hapo gitaa huanza kukoroma na kulia kwa kuvuta. Zamani, ili kupata mlio huo, ilibidi ufungue sauti yote hadi mtaa mzima ulalamike. Smith aliongeza hatua nyingine ndogo huko mwanzoni, na mwishoni akaweka kifundo cha masta, ili gitaa lilie kwa uchungu hata katika chumba cha kulala.

Kila toleo likaongeza lake. Mark V, ya mwaka 2009, ilikusanya milio ya matoleo yaliyotangulia ndani ya sanduku moja. Mtindo mmoja una jina la Mark IIC+, toleo la miaka ya 1980 ambalo Metallica walilitumia walipokuwa wakirekodi Master of Puppets, iliyotoka mwaka 1986. Kwa hiyo mitindo 9 ile ni kama amplifaya kadhaa zilizopangishwa nyumba moja.

Tukafika penye tope la mpwa wangu. Nilimwomba apige kwenye chaneli ya tatu kama alivyozoea. Besi ilikuwa kwenye 7. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba alitaka mlio mnene, na kwenye redio ya nyumbani ukitaka unene unafungua besi. Jibu la haki kabisa, ila ndilo lililompoteza.

Kwenye redio ya nyumbani, besi na trebo husahihisha sauti ambayo imekwisha kutengenezwa. Katika chaneli ile ya tatu, besi, sauti ya kati na trebo zimewekwa kabla ya zile hatua zinazokoroma. Ukifungua besi pale, hunenepeshi mlio. Unazilemea valvu zinazofuata kwa mawimbi mazito mpaka zinasongwa. Mpishi wa Pwani anajua kwamba tui zito hutiwa mwishoni. Ukilitia mapema likachemka sana, litakatika. Basi hapa nako besi iteremshwe hadi 2 hivi, na unene uongezwe mwishoni kwenye ikwaliza, ambayo imekaa baada ya mkoromo. Visukumizi vyake vimeandikwa 80, 240, 750, 2200 na 6600, kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Tulipandisha kidogo kile cha 80. Kijana akapiga nyuzi mbili, akaacha mdomo wazi.

Kifundo cha trebo nacho kina ubabe wake. Kikipandishwa sana, besi na sauti ya kati hukosa nguvu, ukivizungusha husikii tofauti. Wengi hudhani vimeharibika.

Hapo nilimpa onyo moja. Vijana hupenda kushusha kisukumizi cha 750 hadi chini. Ukiwa peke yako chumbani mlio huo ni mtamu ajabu. Ukiingia kwenye bendi yenye besi, kinanda na tarumbeta, gitaa lako litamezwa, maana eneo hilo la kati ndilo sikio la mchezaji linapolikuta gitaa. Na kwa kuwa bendi yake hupiga rumba, kazi yake nyingi iko kwenye chaneli ya kwanza, gaini ikiwa chini na ikwaliza imezimwa. Tulikaa kwenye chaneli hiyo moja zaidi ya saa nzima: vifundo vyote katikati, mwangwi umezimwa, kisha kimoja kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, vingine visiguswe. Jirani aligonga ukuta mara moja tu.

Kuhusu wati, alidhani kushuka kutoka 90 hadi 10 ni kubaki na sauti moja ya tisa. Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikipungua mara kumi, sisi husikia sauti imepungua kwa karibu nusu. Wati 10 katika ukumbi mdogo wa mazoezi zinatosha kukosana na mpiga ngoma.

Yako mambo mawili ambayo nilimwandikia kwenye karatasi. Amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila spika kuchomekwa, na omu za spika zilingane na tundu lake, vinginevyo transfoma ya kutolea sauti huweza kuungua. La pili, asifungue sanduku. Ndani mna volti zaidi ya 400, na kapasita huweza kuzihifadhi hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi anayezijua valvu, maana fundi hodari wa redio za kisasa anaweza kupoteza maisha humo kwa kugusa mahali pamoja.

Mnunuzi alikuja Jumamosi kama walivyoahidiana. Dada yangu alimkaribisha chai, akamwonyesha mashine ikiwa imefunikwa kanga kuzuia vumbi. Kijana hakuwapo. Alikuwa amekwenda mjini kutafuta fyuzi za akiba.