Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Dukani

Ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, iwakayo kwenye dashibodi asubuhi uwapelekapo watoto shule, imekwisha kula akiba za familia nyingi bila sababu ya haki. Gari hupelekwa gereji, fundi huchomeka mashine yake chini ya usukani, namba ya hitilafu husomwa, na papo hapo mwenye gari hutumwa kununua kifaa. Siku ya tatu taa huwaka tena, na kifaa kile kilichomeza nusu ya mshahara dukani hakipokelewi.

Hasara hiyo hutokana na kudhani kuwa namba ni jina la kifaa kilichokufa. Namba ni malalamiko tu ya kompyuta ya gari juu ya jambo ililoliona likienda kombo. Aliyelisababisha bado hajajulikana.

Utaratibu wa namba hizi si siri ya mafundi. Marekani iliulazimisha kwa magari mapya ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. (Baadhi ya magari yaliyoundwa kwa soko la Japani, hasa ya zamani, hayasomeki kwa kila mashine; tafuta fundi mwenye mashine inayoyafahamu.)

Hebu tuichukue P0301. Herufi P huhusu injini na gia, tarakimu 3 huhusu uchomaji, na 1 ya mwisho ni silinda ya kwanza. Maana yake silinda hiyo inakosa kuchoma, au inamisi kama wasemavyo mafundi. Kompyuta imejuaje? Haikuiona plagi wala koili. Ilipima mzunguko wa kranki: kila silinda inapochoma, kranki husukumwa na kuongeza kasi kidogo, na zamu ya silinda ya kwanza ilipofika msukumo ukakosekana. Basi msukumo huweza kukosekana kwa ajili ya koili, plagi, nozeli ya mafuta, waya uliokatika, au hata vali isiyofunga barabara. Watuhumiwa ni watano, na namba haikumtaja hata mmoja.

Hapo ndipo fundi hodari hutambulikana, naye hahitaji chombo cha gharama. Katika injini kama 1NZ-FE ya Toyota, iliyomo katika IST nyingi, kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Injini ikiisha kuzimwa na kupoa, koili ya silinda ya kwanza huhamishiwa ya pili, na ya pili huletwa ya kwanza. Namba hufutwa, gari huendeshwa. Mashine ikisoma P0302, kosa limehama pamoja na koili, nawe utanunua koili moja, si nne. Ikisoma P0301 kama mwanzo, koili haina hatia; zibadilishane plagi kwa namna hiyo hiyo, kisha nozeli na waya wake vipimwe, na mwisho mgandamizo wa silinda. Kuhamisha koili ni kazi ya dakika chache. Mwombe fundi aifanye nawe umesimama papo hapo.

Namba P0171, isemayo kwamba hewa imezidi mafuta, nayo huwatia wengi hasarani, kwani hununua sensa ya oksijeni, ambayo ni mjumbe tu aliyeleta habari. Ukaguliwe kwanza mpira wa hewa kama umepasuka, na sensa ya hewa kama imeshika vumbi.

Wako pia wanaofuta namba tu na kupokea malipo. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati kosa lilipotokea: mwendo, joto la injini, kasi ya mzunguko. Kufuta kabla ya kuyaandika hayo ni kuchana ushahidi. Chukua kalamu, uandike mwenyewe.

Taa ikiwaka bila kupepesa, na gari likienda vizuri, kwa kawaida utafika nyumbani. Ikipepesa, ondoa mguu kwenye mafuta. Petroli isiyochomwa inapita hadi kwenye chombo cha kusafishia moshi, ambacho mafundi hukiita masega, inaungulia humo, na joto lake huweza kuyayeyusha. Egesha mahali pa usalama, uzime injini, na gari livutwe hadi gereji. Bei ya kulivuta ni ndogo kuliko ya masega.