KAZI ZA MTU ALIYESOMEA HESABU CHUO KIKUU

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, wazazi wa mjini Eldoret na wa mashamba ya Uasin Gishu hukaa na watoto wao kushauriana juu ya masomo ya chuo kikuu. Mtoto akisema kuwa anapenda kusomea hesabu, ambayo siku hizi huitwa hisabati, mara nyingi baba humwuliza, "Basi utakuwa mwalimu?" Swali hilo si la kipuuzi. Katika nyumba nyingi ng'ombe huuzwa ili ada ipatikane, na mwenye kutoa fedha ana haki ya kujua zitazaa nini.

Masomo yenyewe hayako mbali. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko Kesses, kusini mwa mji. Na Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho zamani kilikuwa tawi la Moi huko Chepkoilel, kilipata hati yake mwaka 2013. Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye shahada ya hisabati ni mtu wa kujumlisha upesi. Kujumlisha sasa ni kazi ya mashine. Yeye hufundishwa kupima mambo yasiyo na hakika, na kujua yaaminiwe kwa kiasi gani.

Tutazame hospitali. Tuseme wagonjwa 200 wamepewa dawa mpya, wakapona 120. Na wengine 200 wamepewa dawa ya zamani, wakapona 110. Je, dawa mpya ni bora? Mtu wa kawaida atasema ndiyo. Mtaalamu wa takwimu atasema ngojeni kwanza, kwa maana tofauti ndogo kama hiyo yaweza kutokea kwa bahati tu. Lakini kama wangalikuwa 2,000 kila upande, wakapona 1,200 na 1,100, ingalikuwa vigumu sana kusema kuwa ni bahati. Maisha ya watu hutegemea hesabu hiyo. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret, mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI ulianza mwaka 2001, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana huko Marekani. Wagonjwa walipozidi kuwa wengi, daftari za karatasi hazikutosha. Mwaka 2006 ukaanza kutumika hapa mtambo wa kompyuta wa kutunza habari za wagonjwa uitwao OpenMRS, ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Kazi ya namna hiyo huhitaji madaktari, na huhitaji pia watu wa takwimu na wa kompyuta.

Kazi nyingine ni ya bima, nayo ina mshahara mzuri. Tuseme wafugaji 1,000 wana ng'ombe mmoja mmoja, kila mmoja wa shilingi 100,000, na kwa kawaida hufa 30 kwa mwaka. Hasara ni shilingi 3,000,000. Kwa hiyo kila mfugaji akitoa 3,000, mbali na gharama za ofisi, mfuko utatosha. Mpaka hapo hata mwenye duka angeweza kuhesabu. Lakini je, ndigana ikiingia, wakafa 90 kwa mwaka mmoja? Thelathini watalipwa, na wenye ng'ombe 60 watarudi mikono mitupu. Mtaalamu aitwaye aktuari ndiye anayekadiria jinsi mwaka mbaya kama huo unavyoweza kutokea, na akiba iwekwe kiasi gani. Lakini njia yake ni ndefu. Baada ya shahada iko mitihani mingi ya wataalamu wa kazi hiyo, na wengi huifanya kwa miaka kadhaa huku wakifanya kazi.

Mabenki pia huwahitaji watu wa namna hii, na Idara ya Hali ya Hewa kadhalika. Shirika la Kitaifa la Takwimu, lililohesabu watu 47,564,296 nchini Kenya mwaka 2019, haliwezi kuendelea bila wao.

Sasa turudi kwa swali la baba, kwani hapa ndipo vijana wengi hukosea. Shahada ya hisabati peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Tume ya Huduma ya Walimu humwandikisha mtu aliyesomea ualimu, mwenye masomo mawili ya kufundisha. Kijana anayetaka kufundisha yafaa achague shahada ya elimu, aweke hisabati kuwa somo lake moja, na fizikia au jingine kuwa la pili. Aliyekwisha kuchukua shahada ya sayansi bila ualimu itambidi arudi chuoni kutafuta stashahada ya elimu, ambayo kwa kawaida ni mwaka mmoja zaidi, na ada nyingine. Basi mzazi na amwulize mwanawe jambo hili kabla fomu haijajazwa.