Kiingereza: "drinking water" na "running water", tofauti iko wapi?

Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, vijana wengi wanajifunza Kiingereza juu ya kutafuta kazi kwa mashirika ao kufanya biashara na Uganda. Wengi wamesoma kwa Kifaransa, na neno lenye kuishia na -ing linawasumbua sana.

Tuangalie "drinking water" na "running water". Yote yana -ing mbele ya maji. Lakini ya kwanza ni maji ya kunywa: maji hayanywi kitu, ni mtu ndiye atayanywa. Ya pili ni maji yanayotiririka: hapa maji yenyewe ndiyo yanatenda. Maji ya mto yanatiririka pia, na yanaweza kubeba kolera. Kwa hiyo kuchanganya hayo mawili si kosa la darasani tu.

"Drinking" hapo ni jerandi, ni kusema kitenzi kinachofanya kazi ya jina. "Running" ni partisipi: inaeleza jina kama kivumishi. Partisipi inafuata pia "is" na "are", kama "the child is swimming".

Namna ya kuzitofautisha iko ndani ya Kiswahili chetu. Ukikuta neno lenye -ing, litafsiri. Likileta ku-, mara nyingi ni jerandi: "swimming is good", kuogelea ni kuzuri. Likileta -ki-, -na- ao -naye-, ni partisipi: "I saw a child swimming", niliona mtoto akiogelea.

Kifaransa nacho kina mtego wake. "En mangeant" inaitwa jerondifu, lakini kwa Kiingereza "while eating" ni partisipi. Majina yanafanana, kazi hapana. Tena, pale Kiingereza kinatumia jerandi, Kifaransa mara nyingi kinatumia kitenzi kisichonyambuliwa, kama "travailler". Ndiyo maana katika barua za kuomba kazi mtu anaandika "interested in to work". Sawa ni "interested in working". Kisha "in", "for", "of" na "before", tia -ing: "thank you for coming".

Kuna pahali hata Mwingereza anasita. "Visiting friends" inaweza kuwa kutembelea marafiki, ao marafiki wanaotembelea. Hapo sentensi nzima ndiyo inaamua. Soma mpaka mwisho, kisha uulize: nani anatenda?