Kamari Iliyovaa Jezi

Askari yeyote aliyewahi kushika lindo usiku anajua kwamba sare peke yake haimtambulishi mtu. Adui naye aweza kuivaa. Ndiyo maana mlinzi hudai neno la siri kabla ya kufungua njia. Kanuni hiyo ya kambi ilitujia akilini tulipokuwa Gitega na Muyinga, tukizungumza na askari na polisi juu ya michezo ya simu ambayo watoto wetu huicheza kutwa kucha.

Mjini Gitega tulikaribishwa na kaporali mmoja, baba wa watoto wanne. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja hucheza mpira katika simu ya baba yake. Mchezo huo ulikuwa na alama ya umri wa miaka 3, maana yake hata mtoto mchanga anaruhusiwa. Lakini ndani yake mlikuwa na pakiti zilizofungwa, ambazo mchezaji hulipia bila kujua atapata mchezaji hodari au dhaifu. Kijana alijifunza namba ya siri ya baba yake, akawa anatuma fedha kidogo kidogo kwa muuzaji wa mtaani. Mwisho wa mwezi karibu nusu ya fedha za chakula ilikuwa imekwisha. "Afande," alituambia kaporali kwa masikitiko, "niliona alama ya watoto, nikaamini."

Tulipofika Muyinga tulikuta kinyume chake. Polisi mmoja alikuwa amemkataza binti yake mchezo wa karata, kwa sababu aliona picha za karata na alama ya miaka 18. Binti alijitetea kwa adabu: "Baba, humu hamna fedha. Ninahesabu tu." Tuliuchunguza mchezo huo pamoja. Ukisha kuununua mara moja, haudai tena hata faranga moja.

Basi nyumba moja iliufungulia mlango mwizi, na nyingine ikamfukuza mgeni mwema. Wazazi wote wawili walifuata alama. Je, kosa ni la nani?

Hapana budi tueleze asili ya alama hizo. Huko Ulaya, shirika liitwalo PEGI, lililoanza kazi mwaka 2003, hupanga michezo kwa umri: 3, 7, 12, 16 na 18. Mwaka 2020 kanuni zake zilikazwa, ikawa mchezo mpya unaofundisha au kupamba kamari utapewa alama ya 18. Nia ilikuwa njema. Lakini kipimo kilikuwa picha, na wala si mfuko wa mchezaji.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2024. Mchezo uitwao Balatro, unaotumia mikono ya karata za poker lakini hauna dau la fedha halisi, ulipandishwa kutoka 3 hadi 18, ukaondolewa kwa muda katika baadhi ya maduka. Mwaka huohuo mchezo wa mpira EA Sports FC, wenye pakiti za bahati zinazonunuliwa kwa fedha halisi, ulikuwa na alama ya 3. Waliotoa Balatro walikata rufani, na mwezi Februari 2025 ukashushwa hadi 12. PEGI yenyewe ikakiri kwamba vipimo vyake vinahitaji kuchambuliwa zaidi.

Ubelgiji ilichukua njia nyingine. Mwaka 2018 tume yake ya michezo ya bahati ilitamka kwamba visanduku vya bahati vinavyolipiwa katika baadhi ya michezo ni kamari mbele ya sheria. Australia nayo, tangu Septemba 2024, imetenganisha mambo mawili: michezo mipya inayoiga kamari ni ya wenye miaka 18, na yenye visanduku vya kulipia haishauriwi kwa walio chini ya miaka 15.

Hata hapa kwetu Afrika ya Mashariki mambo hayalingani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 iliweka miaka 25 kuwa umri wa kucheza kamari, ilhali Tanzania, ambayo mtu huingia kwa kuvuka mpaka wa Kobero, iliweka 18. Simu haina pasipoti. Mchezo uliopimwa Ulaya au Marekani huingia nyumbani kwa askari bila kusimama kizuizini.

Kwa hiyo, ndugu zetu, alama tuichukulie kama sare: tuitazame, kisha tudai neno la siri. Maswali ni matatu. Kwanza, je, mchezo huu utaomba fedha halisi baada ya kuupata? Pili, je, mlipaji anajua atakachopata kabla ya kulipa? Tatu, je, akikosa anahimizwa kulipa tena? Likipatikana jibu baya katika maswali hayo, hiyo ni kamari, hata ikivaa jezi ya mpira.

Zipo pia silaha ndogo za kujilinda. Duka la Google huandika chini ya jina la mchezo iwapo kuna ununuzi ndani yake, na tangu mwaka 2019 limewataka watengenezaji wa michezo yenye visanduku vya bahati kueleza uwezekano wa kupata kila kitu kabla mtu hajalipa. Simu yaweza kuwekwa idai neno la siri kila inunuapo. Na namba ya siri ya fedha ilindwe kama funguo za ghala la silaha. Mtoto asiijue, hata awe mpenzi namna gani.

Kaporali wa Gitega hakumpiga mwanawe. Alimketisha, wakahesabu pamoja fedha zilizopotea, wakazigawa kwa bei ya kilo moja ya maharagwe. Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Naye polisi wa Muyinga alimrudishia binti yake mchezo wa karata, kwa sharti kwamba amfundishe baba pia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni mdogo kama kioo cha simu. Tuuzibe mapema, tukiwa bado na mshahara mkononi na watoto karibu.