Greg Mortenson: tuhuma moja haithibitishi nyingine

Lisemwalo lipo, husema watu, na tangu Jumapili ya Aprili 17, 2011 Wamarekani wengi waliamini hivyo. Siku hiyo kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kilimwanika Greg Mortenson, mmoja wa waandishi wa Three Cups of Tea na mwanzilishi mwenza wa Central Asia Institute, shirika la kujenga shule Pakistan na Afghanistan. Alikulia Moshi, ambako baba yake, mmisionari wa Kilutheri, alishiriki kuanzisha hospitali ya KCMC. Kipindi kilidai kwamba hadithi zake ni za kubuni, fedha za shirika zinamnufaisha yeye, na baadhi ya shule ni za kwenye karatasi tu.

Aliyezisikia tuhuma hizi kwa mkupuo ama alizimeza zote, ama alizitema zote. Sisi tunaokagua hesabu haturuhusiwi kufanya hivyo, na ningependa msomaji naye asijiruhusu.

Kitabu kilitoka 2006 na kuuza nakala zaidi ya milioni 4. Kinasimulia kwamba mwaka 1993 Mortenson, akishuka hoi kutoka mlima K2, alipotea njia akaangukia kijiji cha Korphe na kuahidi kuwajengea shule. Jon Krakauer, mwandishi na mpanda milima aliyewahi kulichangia shirika dola 75,000, aliwahoji waliokuwa naye safarini, akahitimisha kwamba Korphe alifika mwaka uliofuata, na kwamba ahadi ya kwanza aliitoa kijiji kingine, Khane. Mortenson alijibu kwamba matukio yalifupishwa. Mimi silikubali jibu hilo: kuipa Korphe ahadi iliyotolewa Khane si kufupisha. Tena kuna picha ya 1996 ya watu anaodai walimteka Waziristan. Mmoja wao, Mansur Khan Mahsud, alijitokeza kwa jina lake akasema walikuwa wenyeji wake, wakimlinda. Shahidi wa namna hiyo ana uzito.

Jambo moja hapa lilipita kimyakimya. Krakauer alizungumza ndani ya kipindi kilekile, na andiko lake likatoka papo hapo. Magazeti hamsini yakinukuu chanzo kimoja, shahidi bado ni mmoja.

Kwenye fedha nitakaa zaidi. Marekani, mashirika ya hisani ya ukubwa huo hujaza kila mwaka Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, nayo iko wazi kwa yeyote. Matumizi hugawanywa safu tatu: huduma, uendeshaji na uchangishaji. Shirika la Mortenson liliandika sehemu kubwa ya gharama za ziara zake za mihadhara na kutangaza vitabu kwenye safu ya huduma, kwa hoja kwamba zinaelimisha Wamarekani kuhusu elimu ya wasichana. Aliyesoma jumla pekee aliridhika. Aliyefungua kurasa za ndani aligundua kwamba mwaka 2009 asilimia 41 tu ya matumizi ilikwenda kwenye shule zenyewe. Hilo peke yake si wizi, kwa sababu vitabu vilileta wachangiaji kwelikweli. Swali la mkaguzi ni hili: shirika likilipia matangazo, mrabaha unakwenda kwa nani? Ulikwenda kwake.

Aprili 2012 Steve Bullock, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana, alitoa ripoti. Shirika lilikuwa limetumia karibu dola milioni 4 kununua vitabu vya Mortenson. Kulikuwa na gharama binafsi zilizolipwa na shirika, matumizi yasiyo na risiti, na bodi ya watu watatu, yeye akiwamo. Alikubali kurejesha zaidi ya dola milioni 1 na kuacha ukurugenzi. Tuhuma hii, basi, ilithibitika kwa nyaraka. Lakini ripoti haikugusa ukweli wa vitabu, na anayeitumia kuthibitisha uongo wa Korphe anakosea. Vivyo hivyo kwa watetezi walioshangilia mwezi huohuo, jaji alipotupa kesi ya wasomaji waliodai kulaghaiwa. Jaji alisema madai yao hayakutimiza matakwa ya sheria. Hakusema kitabu ni cha kweli.

Zinabaki shule. CBS walisema kati ya shule 30 hivi walizofuatilia, karibu nusu zilikuwa tupu, zimejengwa na wengine au hazipati msaada. Ndiyo tuhuma iliyoumiza zaidi, na kwangu ndiyo iliyosimama kwa ushahidi mwepesi zaidi. Kamera huonyesha darasa lilivyo siku moja. Niletee daftari la mahudhurio, orodha ya mishahara ya walimu, hati ya malipo ya saruji, nami nitakwambia kama shule ipo. Bullock mwenyewe alikiri kwamba kazi ya shirika ina thamani, akaliacha liendelee.

Kilichomnyima Mortenson utetezi hapa ni uzembe wake. Katika miaka 14 shirika lilikuwa limetoa hesabu zilizokaguliwa mara moja tu, kwa hiyo hata shule zilizokuwa na watoto ndani hazikuwa na karatasi za kuzisemea. Michango iliporomoka kwa zote, zilizokuwapo na zisizokuwapo.