Majani ya wazee kwa mifugo yetu: tuyachunguze kabla hayajasahauliwa

Hapa Kindu na katika vijiji vya Maniema, mbuzi na kuku ni akiba ya nyumba. Siku ya kulipa shule ya mtoto au kumpeleka mgonjwa hospitali, tunatazama kwanza zizini. Mnyama akiugua, jamaa nzima inaumia. Dawa ya duka ikitushinda bei, tunamwendea mzee anayejua majani.

Je, Mkristo atumie majani hayo? Tutenganishe mambo mawili. Kupiga ramli na kutambika ni jambo moja. Jani chungu linalofukuza minyoo ni jambo lingine. Katika 1 Wafalme 4:33, ujuzi wa miti na wanyama umehesabiwa kuwa sehemu ya hekima ya Sulemani.

Wengine wametutangulia. Kule Kivu ya Kusini, Chifundera wa kituo cha utafiti cha Lwiro alichapisha mwaka 1998 kazi yake juu ya magonjwa ya mifugo na dawa za jadi za Bushi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Mahale, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona mwaka 1987 sokwe jike mgonjwa akitafuna shina chungu la Vernonia amygdalina, mti ambao watu pia huutumia kwa homa na maumivu ya tumbo. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Baadaye maabara zilikuta ndani ya mti huo vitu vinavyopigana na vimelea.

Lakini si kila jani ni salama. Utupa, unaoua kupe kwenye ngozi ya mbuzi, ndio uleule unaoua samaki mtoni. Mnyama asinyweshwe, na maji yake yasimwagwe kijitoni. Tena, ugonjwa wa kuku wa Newcastle unaletwa na virusi, wala hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo, itolewe kabla ugonjwa haujaingia. Anayetegemea pilipili na majani tu anaweza kupoteza banda lote.

Basi kuchunguza ni kufanya nini? Tumwulize mzee, tuandike jina la mti kwa lugha yake, sehemu inayotumika, kipimo na ugonjwa. Tukate tawi lenye maua, tulikaushe kati ya magazeti, wataalamu walitambue. Maana jina moja laweza kuwa la miti miwili. Kisha wanyama wengine wapewe dawa, wengine wasipewe, wote wahesabiwe. Bila kulinganisha hatutajua, kwa sababu mnyama huweza kupona mwenyewe. Na jina la mzee liandikwe, ili faida ikipatikana asisahauliwe.

Vijana wa makanisa yetu, chukueni daftari, mkaketi na wazee, kisha mpeleke mliyoandika kwa madaktari wa mifugo na chuo kikuu. Mzee akizikwa bila kuulizwa, dawa yake inazikwa naye.