Nati Isilegee: Gundi ya Chupa au Utomvu wa Mti?

Tuktuk ya Majengo, Mombasa, hailegei nati kwa sababu ya safari ndefu. Inalegezwa na mtikisiko: injini ya silinda moja, tairi ndogo, na matuta ya hapa mpaka Makupa. Bolti ikisukumwa ubavuni kila mara, thredi zinateleza kidogo kidogo, na nati inajifungua yenyewe huku hakuna aliyeigusa. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilithibitisha hilo mwaka 1969, na aina ya mashine aliyoitumia ndiyo inayopimia nati hadi leo.

Fundi atakutilia springi washa kabla hujauliza. Ni ya shilingi chache, na kwenye mashine ya Junker haikufua dafu: bolti ikishakazwa, washa imelala bapa, haina springi tena. Pesa hiyo hiyo ongezea kidogo upate nati yenye pete ya nailoni ndani. Hiyo inashika kweli, ila usiifunge karibu na silansa, maana ikipita joto la nyuzi 120 hivi nailoni inalainika. Tena ukishaifungua, weka mpya. Pete iliyokwisha kukatwa na thredi haishiki kama mwanzo.

Halafu ipo gundi ya thredi, ile ya kichupa. Ilitokana na kazi ya Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, mwaka 1953, ndiye aliyeanzisha Loctite. Ajabu yake ni kwamba hewa ndiyo inayoizuia kuganda. Ikibanwa katikati ya chuma na chuma, pasipo hewa, inakuwa plastiki ngumu. Ndiyo maana chupa huuzwa haijajaa. Usigombane na mwenye duka ukidhani amepunja. Ile nafasi ya hewa ndiyo inayoweka gundi hai.

Bei yake inatisha mpaka uigawe. Tuseme kichupa cha mililita 10 umeuziwa shilingi 600. Mililita moja ni kama matone 20, basi una matone 200, kila tone shilingi 3. Bolti ya milimita 8 inataka tone moja au mawili. Kwa kazi ya breki na ekseli, sioni cha kubania hapo. Chukua ya nguvu ya wastani, ambayo kwa kawaida ni ya bluu, inayofunguka kwa spana. Nyekundu ni ya kudumu: kuifungua hutaka moto wa nyuzi 250 hivi, na bolti nyembamba inaweza kukatikia ndani. Soma kibandiko, kwa sababu rangi ni desturi tu.

Sasa, utomvu wa mimea. Pwani hii haina ugeni nao. Sandarusi ya hapa, hasa ile iliyochimbwa ardhini, ilipakiwa Zanzibar katika karne ya 19 kwenda Salem, Marekani, ikapikwa vanishi. Ni nzuri juu ya mbao. Ndani ya thredi ni habari nyingine: vanishi hukauka kwa kutoa thina, na mafuta ya linsidi yanayopikwa nayo hukauka kwa kuvuta hewa. Nati iliyobanwa hainyimi gundi ya Krieble kitu, lakini hayo mawili inayanyima yote. Juu utaona pamekauka, ndani bado panatelezesha. Na sandarusi ikikauka kabisa, ni kavu ya kuvunjika; mtikisiko unaisaga.

Kwa hiyo utomvu uwekee bolti zisizotikisika: kitanda cha mbao, rafu, bawaba ya mlango. Hapo tone la vanishi juu ya nati linatosha, na linazuia unyevu wa chumvi usianze kutu. Hata kwenye tuktuk lina kazi, ila si ya kushika: chora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukipinda, nati imegeuka. Rangi ya kucha hufanya vivyo hivyo.

Kuna pia gundi za viwandani zinazonadiwa kuwa zimetokana na mimea. Hizo ni kemia ile ile ya Krieble au jamaa yake, malighafi ndiyo iliyobadilika. Uliza ni asilimia ngapi iliyotoka kwenye mimea, na kama nguvu na joto vimeandikwa. Kama havikuandikwa, jani lililochorwa kwenye chupa halishiki bolti. Wala usidhani mmea ni salama kwa ngozi. Mafuta ya maganda ya korosho, ambayo resini yake imo ndani ya breki nyingi za magari, huunguza mkono.

Yoyote utakayonunua, osha thredi kwanza kwa petroli au spiriti, zikauke. Tone juu ya grisi ni pesa iliyotupwa. Usiguse chuma kwa mdomo wa chupa, vumbi la chuma likiingia linagandisha kilichobaki. Isimwagikie plastiki, hata ile ya kufunika taa, inaweza kupasuka. Na iache saa 24 kabla ya kubeba abiria watatu. Dakika 20 zinatosha kuishika nati tu. Ikiwa kichupa kizima ni kingi kwako, changeni watatu stejini, mkitunze kivulini na mtazame tarehe ya mwisho kabla ya kulipa.